Bata Mzinga wa Bibi Tinca na Vifaranga vya Kishingo

Jumatano ya tarehe sita Mei, saa kumi na dakika kumi jioni, bata mzinga wa Bibi Tinca aliinuka juu ya mayai yake, akatoka bandani na vifaranga nyuma yake, wala hakugeuka kutazama alichoacha. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama, nikipiga hesabu ya kumbadilishia maji. Ng'ambo ya barabara kijiwe kilikuwa kimeshajaa, maana kijiwe chetu kikipata watu watatu kimejaa. Benchi lenyewe ni taruma la reli juu ya matofali, mbele ya ua wa Mzee Tudosie. Kahawa anapika yeye, kwenye birika dogo la shaba, na kila mtu huja na kikombe chake kutoka nyumbani. Tudosie wanamwita Brigadia, kwa kuwa aliongoza kikosi kwenye shamba la ushirika zamani hizo, na mpaka leo hawezi kuona watu wamekaa bila kuwagawia kazi. Wa pili ni Mzee Ilarion. Huyo ni Mlibya. Alichimba visima vya mafuta Libya miaka minne, na miaka hiyo minne imempa hadithi za kumtosha hadi kaburini. Wa tatu ni Mzee Zamfir, jirani yetu wa uzio mmoja, mpiga kengele wa kanisa, mwenye kofia ya manyoya ya kondoo asiyoivua hata Mei. Anaitwa Kengele, na anaongea kama mtu aliyezoea kushindana na shaba.

Nilivuka barabara na kandambili za bibi miguuni, nikawaambia bata mzinga ametoka kwenye mayai na hataki kurudi. Nimemswaga, amenizunguka. Nimejaribu kumbeba, amenichapa bawa la uso.

— Kwani ametotoa? Mlibya akauliza.

— Saba, babu. Wale wadogo. Yale mayai makubwa yenye madoa bado yote.

— Bado vipi, na saba wametoka?

Hilo ndilo lililonifanya nivuke barabara mbio.

Bibi yangu alianguka kwenye ngazi za jikoni siku mbili baada ya kumlalisha bata mzinga huyo juu ya mayai, akavunjika nyonga, na sasa yuko hospitali ya Slatina. Mimi nimemaliza chuo, kazi sijapata, nikawa ndiye mtu pekee wa ukoo asiyekuwa na udhuru. Mbweha alichukua majike mawili wakati wa theluji. Dume likafa lenyewe, la uzee, kabla ya Pasaka. Kwa hiyo mayai yale yenye madoa ndiyo yaliyobaki ya mabata mzinga aliokuja nao bibi siku ya harusi yake, jike na dume ndani ya kapu moja, na baada ya hayo hakuna mengine. Kila jioni, akimaliza supu ya hospitali, bibi hunipigia simu na kuuliza neno moja: "Amekaa?" Mimi hujibu: "Amekaa." Halafu hukata simu akalala. Muuguzi aliniambia siku nisipopokea, hakubali hata kugeuzwa upande.

Na jioni ile ilikuwa inakuja.

Niliwaeleza wazee kwamba nimeyafunika mayai kwa koti la sufu la bibi na chupa mbili za maji ya moto, lakini siwezi kufanya hivyo wiki nzima. Nikasema pia kwamba nimehesabu, na leo ni siku ya ishirini na moja tangu bibi amlalishe, wakati bata mzinga anahitaji ishirini na nane. Kengele akacheka, akasema mambo ya vitabu hayo. Yai halina kalenda. Usiku wa Mtakatifu Gheorghe ilipiga radi iliyotikisa vioo, na radi inajulikana, inawaamsha vifaranga kabla ya siku zao.

Brigadia hakucheka. Aliuliza hao vifaranga wakoje.

— Weusi, nikasema. Wadogo kuliko nilivyotegemea. Na shingo zao hazina hata unyoya mmoja.

Mlibya akaweka kikombe chini. Brigadia akageuka polepole, akamtazama Kengele. Mtaa wetu una ua mmoja tu wenye kuku wa kishingo, nao ni ua wa Kengele.

— Mnanitazama nini? Kengele akasema. Bata mzinga ana shingo tupu au hana?

— Anayo, Mlibya akakubali.

— Basi. Mtoto amefanana na mama yake. Mnataka na cheti?

Mlibya alionekana kuridhika na jibu hilo, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Nikasema, kwa adabu, kwamba kifaranga cha bata mzinga hutoka na manyoya mpaka kidevuni, shingo hubaki tupu baadaye akikua. Nilikuwa nimesoma, na nilikuwa nimeangalia picha. Brigadia akasema hata bila picha ni kweli, amewaona maelfu.

Kengele alikunywa kidogo, akabadili njia. Alisema Tinca ndiye mwenye makosa, kwa kuwa alimfungia jike yule upande wa uzio kipindi chote cha kutaga, na upande wa pili wa uzio kuna jogoo wake. Kutwa nzima jike anamwangalia jogoo. Na mwenye mimba akiangalia kitu sana, mtoto hutoka nacho.

— Mama yangu mzazi alikuwa anaangalia sungura, akasema. Mmeyaona meno ya dada yangu.

— Dada yako ana meno ya baba yako, Brigadia akasema. Tulisoma naye.

Mlibya, ambaye haachi jambo likue bila yeye, akaleta la jangwani. Kule kambini kulikuwa na mpishi aliyefukia mayai mchangani nyuma ya jiko, akayasahau, na baada ya muda wakatoka vifaranga wasiokunywa maji kabisa, wanakula mchanga na kutembea nyuma ya ngamia. Kwa hiyo yeye hashangai shingo. Yai huchukua sura ya mahali lilipolaliwa. Akataka kuendelea na yai la bundi lililowekwa kwenye buti la askari, lakini mimi nilikuwa nimeshavuka barabara kwenda kuyagusa mayai. Niliporudi bado walikuwa kwenye buti.

Brigadia akawakatisha. Alimwuliza Kengele, kwa sauti ya kawaida, kama kuku wake yeyote ameatamia mwaka huu.

— Hapana.

— Na mayai waliyotaga yako wapi?

— Niliyala.

— Lini?

— Kabla ya Pasaka, Kengele akasema. Neno lilikuwa limeshatoka.

— Juma Kuu, Brigadia akasema. Mpiga kengele. Watu wamefunga, hatugusi hata maziwa, wewe uko jikoni unakaanga mayai.

Kengele akawa mwekundu mpaka ndani ya kofia. Nilimwona akipima lipi jepesi. Kula mayai Juma Kuu lingefika kwa padri kabla kahawa haijapoa. Hilo lingine lingebaki kwenye taruma hili.

— Sikuyala, akasema. Niliyatia mimi. Tinca alikwenda dukani, nikapita pale penye ubao uliolegea. Saba tu.

Akaendelea mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea taratibu. Kuku wake hawakai. Wanalalia siku mbili, wakisikia mahindi yanamwagwa wanaondoka. Bata mzinga wa Tinca akikaa amekaa, hata nyumba iungue. Na wale vishingo walikuwa wa Leana, marehemu mkewe. Wamebaki wanne na jogoo mzee. Alisema saba si wengi, jike hatasikia.

— Si ungemwomba mwenyewe, nikasema.

— Nilimwomba.

— Akakataa?

— Hakukataa. Aliniambia, "Njoo wiki ijayo, Zamfir."

Wazee wote wawili wakatikisa kichwa. Mtaani kwetu mtu asiyetaka kukupa kitu hukwambia njoo wiki ijayo. Ukienda kukopa msumeno, njoo wiki ijayo. Mchumba aliyebadili mawazo, waje wiki ijayo. Kila mtu anajua maana yake, na hakuna aliyewahi kwenda hiyo wiki.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa na hesabu ile tangu saa kumi na dakika kumi, na hapo ikajifunga.

— Babu Zamfir, yai la kuku linataka wiki tatu. La bata mzinga linataka wiki nne. Ukitia la kuku wiki moja baada ya lile, wanatoka siku moja.

Aliniangalia.

— Bibi alimaanisha wiki ijayo, nikasema. Wiki ijayo kweli.

Kengele alivua kofia. Sijui kama nilikuwa nimewahi kuona kichwa chake.

— Kumbe alinikubalia, akasema.

Brigadia akasema mkewe Veta naye alikuwa akifanya hivyo, kwanza makubwa, kisha madogo baada ya Jumapili, yeye alidhani ni uvivu. Akamimina kahawa kwenye kikombe cha Kengele bila kuulizwa. Kisha akapiga goti lake na kiganja, kama alivyofanya, nadhani, mbele ya kikosi, akasema maombolezo baadaye, sasa kazi.

Kazi ilikuwa maneno. Brigadia alitaka mayai yaingizwe kwenye oveni na balbu moja inayowaka; shamba la ushirika lilikuwa na ukumbi mzima wa namna hiyo. Mlibya akamkumbusha kwamba ukumbi ule ulitoa vifaranga mwaka mmoja na mwaka uliofuata ukatoa moto. Yeye alitaka samadi ya farasi, inayochemka yenyewe. Kengele akasema farasi wa mwisho wa mtaa aliuzwa. Mlibya akasema basi yeye mwenyewe atalala nayo. Alimjua mlinzi mmoja aliyeugua homa ya malaria akatotoa bata wanne kwapani, na walimfuata mpaka kituo cha basi. Kengele akasema homa yake Mlibya ni ya kuigiza, haitatotoa hata chawa.

— Wewe nyamaza, mtia mayai, Mlibya akasema. Nani aliyetuleta hapa?

Ikabaki ile ambayo wote watatu walikuwa nayo tangu mwanzo, kila mmoja akimngoja mwenzake aitaje. Mlibya akaitaja.

— Gongo.

Wote wakaafiki mara moja. Bata mzinga hunyweshwa gongo ya plamu mpaka alegee, huwekwa juu ya mayai, hufunikwa kapu. Akizinduka gizani, tumbo likiwa na joto chini yake, hakumbuki alikuwa wapi. Anadhani amekuwa hapo siku zote. Mlibya alisema hata dume hukubali. Alimjua dume aliyezinduka mama na hakuwahi kupona.

Niliuliza kiasi gani.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mlibya alisema kijiko. Brigadia alisema kikombe cha kahawa, mnyama yule ana damu baridi. Kengele alisema nusu bilauri, lakini baada ya chumvi. Mlibya akauliza chumvi ya nini. Kengele akasema chumvi ya kiu. Brigadia akadai apewe kwa sindano. Kila mmoja alitaja kijiji na mwaka, na kila mmoja alimtaja shahidi aliyekufa. Simu ikalia mfukoni mwangu. Ilikuwa bibi, mapema kuliko kawaida. Niliiangalia mpaka ikanyamaza. Sikuweza kusema amekaa, na sikuweza kusema hakukaa. Nikavuka tena barabara. Nilifumba macho nikaweka yai moja juu ya kope, kwa kuwa ngozi ya hapo inajua joto kuliko vidole. Halikuwa baridi bado. Nilibadilisha maji ya chupa.

Niliporudi kulikuwa na baiskeli imeegemezwa kwenye benchi. Oltița, mwanamke mpya wa posta, aliyetoka milimani na aliyekuwa katika wiki yake ya pili kwenye njia yetu, alikuwa amesimama na mkoba wake begani akiwasikiliza wakibishana kuhusu chumvi. Wakamweleza wote kwa pamoja. Alingoja wamalize.

— Na kati yenu, akasema, nani amewahi kulalisha bata mzinga?

Aliuliza hivyo hivyo, kama mtu anayetaka kujua mwenye nyumba ni yupi. Brigadia alifungua mdomo, akaufunga. Mlibya akaangalia ndani ya kikombe chake. Kengele akageuza kofia mikononi. Mashahidi wao wa vijiji vyote na miaka yote walikuwa wameshatajwa, na hakuna mzee aliyejitaja mwenyewe.

Oltița alimpa Brigadia pensheni yake, akamwekesha sahihi, akapanda baiskeli. Birika lilikuwa tupu.

Mlibya akasema:

— Mimi nilikuwa nashika kapu.

Akalipima hewani kwa mikono, akaendelea.

— Ruja, mke wangu, ndiye aliyekuwa anafanya. Mimi nilisimama na kapu mpaka aseme sasa. Kapu fupi, asiweze kusimama ndani. Akisimama anaondoka, ndivyo alivyokuwa anasema. Na juu nilikuwa naweka jiwe la kabichi, lile la kuikandamizia pipani.

— Gongo kiasi gani, babu?

Akafikiri sana, macho yameangalia barabara.

— Haikuwa ya kunywesha, akasema. Alikuwa analoweka mkate. Kipande kama kiganja chake. Nakumbuka kwa sababu iliyobaki kwenye chupa nilipewa mimi, na haikupungua sana.

Brigadia alisema yeye hana cha kusema, kwani Veta alikuwa akimfukuza bandani. Hakuwahi kuona. Alikuwa anaambiwa akae nje na moshi wake, jike halali penye tumbaku. Aliposema hivyo alikuwa na sigara mkononi. Aliizima chini ya kiatu, akaokota kipande akakitia mfukoni, kama aliyeambiwa jana.

Kengele alivaa kofia yake. Aliinuka, akaenda kwake, akarudi na kapu la zabibu na chupa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mnara tulipoingia uani kwa bibi. Bata mzinga alikuwa amejikunyata chini ya mkokoteni mbovu, mabawa yamefunguka kidogo, na vishingo wote chini yake. Nilitaka kuwatoa mimi. Kengele akasema hapana, ni wake. Alipiga magoti kwenye majani, mtu mzito yule, akaingiza mkono, na jike akamdona kiganja, kisha kifundo, kisha tena pale pale. Hakuutoa mkono. Alimtoa mmoja, akamtia ndani ya kofia. Akamtoa wa pili.

— Nisamehe, mama, akamwambia bata mzinga. Sikujua.

Walipokwisha wote alikunja mdomo wa kofia, akaiweka chini ya koti, akaondoka, na ndani ya koti lake kulikuwa na kelele nyingi. Bata mzinga alimfuata mpaka kwenye ubao uliolegea, akilia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia nayo. Nilitazama pembeni.

Mkate uliolowekwa gongo aliula kwa pupa, maana alikuwa na njaa ya wiki tatu. Mlibya alimshika, mimi nilimlisha. Tulingoja. Kwanza alisimama tu. Kisha shingo ikaanza kwenda upande, ikarudi, ikaenda tena, kama mtu anayesinzia kanisani. Mlibya akambeba kifuani mpaka bandani. Nilitoa koti la sufu, nikatoa chupa, nikayapanga mayai yakae karibu, nikayahesabu, nikayahesabu tena. Tukamshusha juu yake. Alilala kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

— Sasa, nikasema.

Mlibya akaweka kapu. Aliliweka taratibu sana, na alipomaliza kuweka jiwe hakuondoa mkono mara moja.

Brigadia alikuwa nje ya mlango muda wote. Hakuingia hata hatua moja. Aliuliza kupitia kwenye ubao, kwa kunong'ona, kama amekaa, na nikamjibu kwa kunong'ona kwamba amewekwa. Kukaa tutajua kesho.

Simu ililia tena. Niliizima. Nilikaa kitandani kwa bibi nikiwa nimevaa, nikafikiria nyonga yake, na kwamba asubuhi lazima nifungue kapu. Hilo haliepukiki. Anayelalia mayai lazima ashuke mara moja kwa siku, ale, anywe, ajisaidie. Akifungiwa atachafua kiota na mayai yataoza. Kwa hiyo ningelazimika kumwachia mlango wazi, na yeye kuamua.

Asubuhi niliamshwa na kengele ya kanisa, na nilijua kuna kitu hakiko sawa kabla sijajua ni nini. Ililia kwa mapigo yale yale ya kila siku, lakini kwa mbali, laini, kama inalia chini ya blanketi. Nilitoka nje na ndoo ya maji. Ng'ambo ya barabara Brigadia alikuwa amesimama na kikombe kitupu, anausikiliza mnara.

— Amefunga ulimi wa kengele kwa tambara, akaniambia, sauti chini. Leana alikuwa anamlazimisha, kila majira ya mayai, wanaolalia wasishtuke. Miaka ile mtaa mzima tulichelewa ibada.

Niliingia bandani, nikatoa jiwe, nikainua kapu.

Bata mzinga alikuwa ametandazika juu ya mayai kama sahani. Aliniona, akajivimbisha mara mbili ya mwili wake, akafoka, na nilipoingiza mkono kumwinua akaning'ata pale penye nyama, damu ikatoka. Sikuwahi kufurahia kidonda namna ile. Nilimbeba nje, nikamweka mbele ya mahindi na maji, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Alikula kama aliyechelewa safari. Alikunywa. Alijisaidia, tonge kubwa lile la mwenye kuatamia, likanuka ua mzima. Kisha akasimama, kichwa juu. Upande wa pili wa uzio, kupitia dirisha lililofungwa la Kengele, vifaranga walikuwa wanalia. Mimi niliwasikia, na yeye aliwasikia. Alipiga hatua moja kuelekea ubao uliolegea, nikaona kwamba ubao umepigiliwa misumari mipya. Akasimama mbele yake. Nilibana vidole ndani ya kiganja. Brigadia kwenye geti hakuvuta sigara.

Akajikung'uta, manyoya yote, kutoka kichwani hadi mkiani. Akageuka. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia bandani, akapanda kiotani, akayasogeza mayai kwa mdomo, moja moja, akashuka juu yake.

Nilitoa simu. Bibi alipokea kabla haijalia vizuri. Hakuuliza, na kwa jinsi alivyokaa kimya nilijua hajalala.

— Amekaa, nikasema.

Alivuta pumzi. Kule mnarani kengele ilikuwa inamalizia, laini.

— Hiyo kengele ya Zamfir ina nini? bibi akauliza.

Nilichuchumaa mbele ya kiota, nikasogeza simu karibu na bata mzinga, naye akamfokea.